Treni ya kasi Nairobi hadi Mombasa: abiria, deni na dakika za kila siku

Mama anayefungua bale la mitumba Gikomba alfajiri amelipia reli, hata kama hajawahi kukanyaga stesheni ya treni ya Mombasa pale Syokimau. Tangu mwaka 2013, bidhaa zinazoingia nchini kwa matumizi ya humu hutozwa ada ya ustawishaji wa reli. Ilianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa, na tangu hapo imekuwa ikipandishwa hadi 2 na kushushwa tena kulingana na sheria za ushuru zinazopitishwa. Mwagizaji huilipa kwanza, kisha huiingiza kwenye bei. Fundi wa simu pale Luthuli Avenue anailipa kwenye vioo na betri, na mwenye bodaboda anailipa kwenye vipuri.

Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu mjadala wa treni ya kasi hapa Nairobi huanzia kwenye treni yenyewe. Mtu hutazama video ya treni ya China au Morocco ikikata mbuga kwa kilomita 300 kwa saa, kisha huuliza mbona sisi tunatumia saa tano au zaidi kwenda Mombasa. Swali ni halali kabisa. Lakini ukilijibu kwa kuangalia kasi peke yake utafika mahali pabaya, kwani kasi si kitu kigumu kununua. Kazi ngumu ni kupata watu wa kujaza viti kila siku kwa miaka thelathini, na kukubaliana ni nani atakayelipa viti vikibaki wazi.

Kwanza tuweke wazi kwamba SGR tuliyonayo, yaani reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, si treni ya kasi, wala haikujengwa iwe hivyo. Tofauti yake na reli ya zamani ni upana: milimita 1,435 kutoka chuma hadi chuma, badala ya mita moja ya reli iliyoachwa na Waingereza. Treni ya abiria ya Madaraka Express iliundwa kwenda kilomita 120 kwa saa, na ya mizigo 80. Umoja wa kimataifa wa mashirika ya reli huhesabu njia mpya kuwa ya kasi ikiwa inabeba treni za kilomita 250 kwa saa au zaidi, na njia ya zamani iliyoboreshwa kuanzia 200. Kwa kipimo hicho hata treni ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na inayofika kilomita 160, bado haijaingia kwenye kundi hilo, ingawa majirani zetu huiita ya mwendokasi. Barani Afrika ni Morocco iliyotangulia, mwaka 2018.

Wengi hudhani kutoka 120 hadi 300 ni suala la kununua kichwa cha treni chenye nguvu zaidi. Sivyo. Upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili na nusu, upinzani unazidi zaidi ya mara sita, na umeme wa kuushinda unatafutwa kwa gharama hiyo hiyo. Kona nazo zinafuata kanuni hiyo. Ili abiria asitupwe upande, kona ya treni ya kilomita 300 lazima iwe pana zaidi ya mara sita kuliko ile ya treni ya 120, na kati ya Mombasa na Nairobi kuna mlima wa zaidi ya mita 1,600 wa kupanda. Pale ambapo treni ya kawaida ingezunguka kilima, ya kasi inatobolewa handaki au kujengewa daraja. Breki za dharura zinahitaji zaidi ya kilomita tatu kuisimamisha, kwa hiyo hakuna makutano ya barabara na reli popote, na uzio hauna mwanya wa ng'ombe wala tembo.

Tena njia yetu ya sasa ni moja, treni zikipishana kwenye stesheni. Ni ya dizeli, na kazi yake kubwa ni makasha. Huwezi kuweka treni ya kilomita 300 nyuma ya treni ya mizigo ya 80 kwenye njia hiyo hiyo ukatarajia ifike kwa wakati. Kwa maneno mengine, anayesema "tuifanye SGR iwe ya kasi" anapendekeza njia ya tatu ya reli kwenda Mombasa, kando ya ile ya 2017, ambayo nayo iko kando ya ile iliyoanza kujengwa mwaka 1896.

Trilioni moja, kwa bei ya Kichina

SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ni ya kilomita 472 hivi na iligharimu takriban Sh327 bilioni. Ni karibu Sh690 milioni kwa kilomita, na hiyo ni reli ya kilomita 120 kwa saa.

Bei za treni ya kasi zinajulikana kwa sababu nchi nyingi zimeshajenga. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa njia za China za kilomita 350 kwa saa zilijengwa kwa dola milioni 17 hadi 21 kwa kilomita. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya, katika ripoti yao ya 2018, walipata wastani wa euro milioni 25 kwa kilomita kwenye njia walizokagua. China hujenga kwa bei nafuu kwa sababu inajenga nyingi mno: mwishoni mwa 2024 ilikuwa na kilomita zipatazo 48,000, na mihimili ya madaraja yake hutengenezwa kiwandani kwa maelfu kwa kipimo kimoja. Tukijidanganya kwamba sisi tutaipata bei hiyo hiyo kwa njia moja tu, kilomita 472 zingetugharimu dola bilioni 8 hadi 10. Kwa dola ya shilingi 130, ni zaidi ya Sh1 trilioni. Bajeti nzima ya taifa ya mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa takriban Sh4.3 trilioni.

Na hiyo ni bei ya kwenye karatasi. Mtafiti Bent Flyvbjerg wa Denmark na wenzake walipolinganisha makadirio na matokeo ya miradi ya reli ya nchi nyingi, walikuta kwamba kwa wastani gharama ilizidi makadirio kwa asilimia 45, na abiria waliojitokeza walikuwa karibu nusu ya waliotabiriwa. Makosa ya kawaida yangeenda pande zote mbili. Haya yanaelemea upande mmoja, kwa sababu anayeandika makadirio mara nyingi ndiye anayetaka mradi uanze. Hata Japani, ambayo kila mtetezi wa treni ya kasi huitaja, gharama ya njia ya kwanza ilikaribia kuwa maradufu, na mkuu wa shirika la reli, Shinji Sogō, alijiuzulu mwaka 1963, mwaka mmoja kabla treni haijaanza. Wapigakura wa California waliidhinisha mwaka 2008 dola bilioni 9.95 za kuanzia mradi uliokadiriwa kugharimu takriban bilioni 33. Makadirio ya sasa yamevuka bilioni 100, na kwa miaka yote hiyo hakuna abiria aliyepanda. Uingereza ilikata mkia wa kaskazini wa mradi wake mwaka 2023, baada ya ardhi kununuliwa na vijiji kuvurugwa.

Sasa tufanye hesabu ya kawaida, ile ambayo mwanachama yeyote wa chama cha akiba anaweza kuifuata. Tuseme tumekopa Sh1 trilioni kwa riba ya asilimia 3. Hiyo ni riba ya upole, kwani mwaka 2024 Kenya ilikopa kwenye soko la dunia kwa karibu asilimia 10. Riba peke yake, bila kurudisha hata shilingi ya deni lenyewe, bila mshahara wa dereva wala bili ya umeme, ni Sh30 bilioni kwa mwaka. Madaraka Express imekuwa ikibeba kati ya abiria milioni 2 na 3 kwa mwaka. Ukigawa bilioni 30 kwa abiria milioni 2.5, kila mmoja anadaiwa Sh12,000 ya riba kwa safari moja. Nauli ya daraja la kawaida tangu Januari 2024 ni Sh1,500, na daraja la kwanza Sh4,500. Tofauti hiyo haipotei hewani. Inamrudia yule mama wa Gikomba.

Treni ikiwa ya kasi itavuta watu zaidi, bila shaka. Wachumi wa Uhispania, Ginés de Rus na Gustavo Nombela, waliuliza swali hilo hilo mwaka 2007: ni abiria wangapi wanaohitajika ili njia ya kilomita 500 iwe na maana kwa jamii nzima, ukihesabu na muda unaookolewa? Jibu lao ni abiria milioni 8 hadi 10 katika mwaka wa kwanza, tena katika mazingira mazuri. Urefu waliouchagua unakaribiana sana na safari yetu ya Mombasa. Tungehitaji abiria mara tatu au nne ya tulionao, kuanzia mwaka wa kwanza, na si Desemba tu wakati tiketi zinaisha mapema.

Abiria wa Japani walikuwa tayari wamebanana

Njia ya Tokyo hadi Osaka ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964. Benki ya Dunia iliikopesha dola milioni 80. Watu wanaikumbuka kwa kasi, lakini sababu ya kujengwa kwake ilikuwa msongamano: reli ya zamani kwenye ukanda huo ilikuwa imejaa, treni za mizigo na za abiria zikigombania nafasi, na kati ya miji hiyo miwili kuna Yokohama, Nagoya na Kyoto. Makumi ya mamilioni ya watu waliishi kando ya njia moja iliyonyooka, wakiwa tayari ni wasafiri wa treni. Reli mpya iliwapa nafasi watu waliokuwepo, na kasi ikawa faida ya ziada.

Linganisha na kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 4.4 Nairobi na milioni 1.2 Mombasa. Katikati kuna Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, kisha Tsavo yenye tembo wengi kuliko abiria. Na njia ya sasa haijajaa: SGR ilisanifiwa kubeba tani milioni 22 za mizigo kwa mwaka, na katika miaka ya karibuni imebeba tani milioni 6 hadi 7. Mwaka 2013, kabla ya mkopo kutiwa saini, Benki ya Dunia ilishauri kwamba kwa mizigo iliyokuwepo Afrika Mashariki, kukarabati reli ya zamani ndiko kungekuwa na faida zaidi. Mtu anaweza kubishana na benki hiyo katika mengi, na mimi mara nyingi hubishana nayo. Katika hili namba zimeipa haki.

Mahali ambapo treni ya kasi imelipa, kila mara ukichunguza unakuta watu walikuwa tayari wanasafiri kwa wingi. Kabla treni ya kasi ya Madrid hadi Barcelona haijakamilika mwaka 2008, ndege kati ya miji hiyo zilikuwa kwenye mojawapo ya safari zenye shughuli nyingi zaidi duniani. Treni ikawachukua wengi wa abiria hao kwa sababu inaingia katikati ya jiji kwa saa mbili na nusu. Beijing hadi Shanghai, kilomita 1,318, inapata faida. Lakini Uhispania hiyo hiyo na China hiyo hiyo zina njia nyingine zinazopita nusu tupu, na shirika la reli la China lina madeni ya zaidi ya yuani trilioni 6. Wale wakaguzi wa Ulaya walikuta pia kwamba kwenye njia walizochunguza, treni zilikuwa zikienda kwa wastani wa asilimia 45 tu ya kasi iliyosanifiwa. Walilipia 300, wakapata chini ya 150.

Morocco nadhani ndiyo inayotufaa zaidi kwa kulinganisha, na inastahili kutazamwa bila wivu wala dharau. Treni yake ya kasi, Al Boraq, ilianza Novemba 2018 na ilipunguza safari ya Tangier hadi Casablanca kutoka saa 4 na dakika 45 hadi saa 2 na dakika 10. Ilipingwa vikali, wananchi waliendesha kampeni ya kutaka fedha hizo ziende shuleni na hospitalini. Leo inabeba zaidi ya watu milioni 5 kwa mwaka. Siri yake ni kwamba Wamorocco hawakujenga njia mpya yote. Kipande cha kasi ni cha kilomita 186 tu, Tangier hadi Kenitra, kwa takriban dirhamu bilioni 23. Kutoka Kenitra kupitia Rabat hadi Casablanca, treni ile ile inatumia reli ya umeme iliyokuwepo, iliyokuwa imeshazoea kubeba wafanyakazi asubuhi na jioni. Waliunganisha Tangier na miji iliyokuwa na utamaduni wa treni kwa miongo mingi. Hata hivyo sehemu kubwa ya gharama ya ujenzi ilibebwa na serikali, na kwa mikopo na misaada kutoka Ufaransa na nchi za Ghuba. Nauli haikujenga reli ile.

Kutopata faida si kosa lenyewe

Hapa lazima niwatendee haki wanaotaka treni ya kasi, maana wana hoja nzito. Barabara ya Thika haikuulizwa kama inapata faida. Hospitali haziulizwi. Kwa nini reli iulizwe? Wana haki. Kinachopimwa kwa mradi wa umma ni faida ya jamii nzima: muda, ajali zinazoepukwa, moshi unaopungua, biashara inayokua. Nauli isiyotosha haitoshi kuupinga mradi. Katika miaka ya karibuni Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka barabarani, na kila familia iliyosafiri pwani kwa basi la usiku inajua hofu ya kupishana na lori Mtito Andei. Anayehama kutoka barabara kwenda reli anapata usalama wa kweli, na mimi siutilii shaka.

Lakini usalama huo ameshaupata kwa kilomita 120. Haungezidi kwa kwenda 300. Ndiyo maana hesabu ya treni ya kasi lazima ifanywe kwa kile kinachoongezeka tu juu ya kile tulichonacho, na hapo wengi huteleza. Husikika pia hoja ya historia: reli ya Waingereza nayo ilipingwa bungeni London, ikagharimu walipa kodi wao zaidi ya pauni milioni 5, na bila hiyo Nairobi isingekuwepo. Ni kweli kwamba jiji hili lilizaliwa kutokana na kambi ya reli mwaka 1899. Ila reli ile ilichukua nafasi ya wapagazi waliobeba mizigo vichwani kwa miezi. Kuhama kutoka miguu kwenda treni kulibadilisha nchi nzima, kwa mema na kwa maovu. Kuhama kutoka saa tano hadi saa mbili kwenye njia ambayo tayari ina treni, mabasi na ndege ni badiliko la aina nyingine, na faida yake ni ndogo zaidi hata kama gharama ni kubwa zaidi.

Tena saa mbili hizo ni za kutoka stesheni ya Syokimau hadi ile ya Miritini, upande wa Mombasa. Anayeishi Ruiru au Kawangware anajua kwamba safari ya Mombasa huanza kwa matatu, kisha foleni, kisha treni ya kuunganisha au teksi, kisha ukaguzi wa mizigo, na Miritini bado uko nje ya kisiwa. Ukiokoa saa tatu katikati ukaacha saa tatu pembeni, abiria anahisi nusu tu ya kasi aliyolipia.

Deni lina fedha yake na saa yake

Sehemu ya deni ndiyo inayofichwa zaidi, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Mkopo wa SGR wa 2014 kutoka benki ya Exim ya China ulikuwa na pande mbili, kila upande takriban dola bilioni 1.6. Mmoja ulikuwa nafuu: riba ya asilimia 2, miaka 20, na miaka saba ya kwanza bila kulipa deni la msingi. Mwingine ulikuwa wa kibiashara, wa miaka 15, kwa riba ya soko la London pamoja na asilimia 3.6 juu yake. Mkopo ulipotiwa saini riba ya London ilikuwa chini kabisa. Mwaka 2023 ilipanda kupita asilimia 5, na upande huo wa deni ukakaribia asilimia 9. Shilingi nayo ilikuwa ikishuka. Treni ilipoanza mwaka 2017 dola moja ilikuwa kama Sh103. Januari 2024 ilifika karibu Sh160. Abiria analipa kwa shilingi, deni linadaiwa kwa dola. Hata stesheni zote zikijaa, mtindo huo ungeumiza. Mwaka 2025 serikali iligeuza mikopo hiyo kuwa ya yuani, na Hazina ya Kitaifa ilisema itaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Ni nafuu ya kweli, na pia ni kipimo cha jinsi masharti ya awali yalivyokuwa mazito.

Mizigo ilipokosekana, ilitafutwa kwa nguvu. Mamlaka ya Bandari ilikuwa imefungwa kwenye mkataba wa kuhakikisha kiasi fulani cha shehena kwa reli. Mwaka 2019 ilipoagizwa makasha yote yapande treni, Mombasa iliandamana, kwa sababu madereva wa malori, maghala na hoteli za njiani zilikuwa zinakufa. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto aliagiza uondoshaji wa mizigo, yaani ukaguzi na ushuru wake, urudi bandarini Mombasa. Watu wa Mombasa walikuwa wamelipia mradi wa kitaifa kwa ajira zao, gharama ambayo haimo kwenye ile Sh327 bilioni.

Hatuko peke yetu. Ethiopia, yenye reli ya umeme ya Addis Ababa hadi Djibouti, ililazimika mwaka 2018 kuomba muda wa kulipa uongezwe kutoka miaka 10 hadi 30. Afrika Kusini, serikali ya jimbo la Gauteng hujazia mapato ya treni yake, Gautrain, abiria wanapopungua. Hizo zote ni treni za kilomita 160 au chini. Ukizidisha gharama mara tatu, na hatari inazidishwa.

Dakika za watu wa Githurai

Sasa niseme ninachoamini. Kama kuna shilingi za umma za kununulia muda, Nairobi ina mahali pa kuzipeleka ambapo zinanunua muda mwingi mara dufu na zaidi. Reli ya zamani inapita Makadara, Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa na Ruiru. Nyingine inakwenda Kibera, Dagoretti na Kikuyu. Nyingine Embakasi. Hizi ndizo njia ambazo mji mwingine ungezitamani: zimeshanunuliwa, zimeshawekwa, zinapita katikati ya makazi ya watu wengi. Treni chache zinazopita hapo asubuhi na jioni hujaa hadi milangoni. Mwaka 2020 zililetwa treni za dizeli zilizokuwa zikitumika kisiwa cha Mallorca huko Uhispania, na zilisaidia. Lakini njia ni moja sehemu kubwa, vivuko vya barabara havina ulinzi wa kutosha, na ukikosa treni ya asubuhi unasubiri matatu.

Fikiria mfanyakazi wa Githurai anayeokoa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, siku tano kwa wiki, wiki hamsini. Ni saa 250 kwa mwaka. Fikiria msafiri anayekwenda Mombasa na kurudi mara mbili kwa mwaka kwa treni ya kasi, akiokoa saa tatu kila safari. Ni saa 12. Wa kwanza anapata kulala, kukagua madaftari ya watoto, au kufungua kibanda mapema. Wa pili anawahi chakula cha mchana Nyali. Siwezi kuona ni kwa hesabu gani mama wa Gikomba anayelipa ada ya reli bandarini anapaswa kuchangia saa 12 za huyu kabla ya saa 250 za yule.

Reli mbili kwa kila njia ya mjini, ishara za kisasa, majukwaa marefu, umeme, na treni kila dakika kumi badala ya mara chache kwa siku: hayo hayana video ya kusisimua, lakini yanajulikana namna ya kujengwa, na yanaweza kufanywa kipande kwa kipande. Fedha zikiisha katikati, kipande kilichokamilika kinafanya kazi. Treni ya kasi iliyofika nusu haimsaidii mtu. Tunajua hilo kutokana na SGR yenyewe, iliyoshuka Bonde la Ufa kwa takriban Sh150 bilioni na kusimama Suswa mwaka 2019, ambapo makasha ya kwenda magharibi yanalazimika kuhamishiwa reli ya mita moja.

Kipande cha Naivasha hadi Kisumu na Malaba ndicho kinachozungumziwa sana kwa sasa, na ada ile ile ya reli ndiyo inayotazamiwa kukibeba. Huko hoja ni tofauti na ya treni ya kasi: ni mizigo ya Uganda na nchi za mbele yake, na Uganda ilisaini mwezi Oktoba 2024 na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi ujenzi wa kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Mikataba ya SGR ya 2014 ilionekana na umma Novemba 2022, miaka minane baadaye. Kwa kipande hiki upembuzi yakinifu unapaswa kuwekwa wazi kabla ya saini: tani zinazotarajiwa mwaka baada ya mwaka, nani amezithibitisha, deni ni la fedha gani, na ada ya reli itabaki juu kwa muda gani ikiwa Kampala itachelewa.